Mteja Anasikia Nini Ukisema "Bima"?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Nilizaliwa Chwele, Kaunti ya Bungoma, na sasa naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Nauza bima kwa simu. Majuzi meneja aliniita akaniambia matamshi yangu yanafukuza wateja, eti nikiongea wanadhani wanaongea na soja wa getini. Anataka nifanye kozi ya lafudhi Nairobi, shilingi 15,000, kutoka mfukoni mwangu. Jambo lingine: tulipokuwa tukitafuta nyumba Section 58, nikipiga simu mimi naambiwa imeshachukuliwa. Mke wangu, mzaliwa wa Bahati, akipiga baada ya dakika chache, nyumba ipo. Je, ni kweli watu hawaniamini kwa sababu ya lafudhi, au najishuku tu? Nifanye hiyo kozi? Na mtoto wetu wa miaka 3, tuache kumwongelesha Lubukusu, lugha ya kwetu, asije akawa kama mimi?

JIBU: Ndugu yangu, hujishuku. Watu humkadiria mtu kwa lafudhi yake, tena upesi, kabla hajamaliza salamu. Hilo limepimwa mara nyingi na katika nchi nyingi. Lakini hiyo 15,000 usiitoe kwanza. Meneja wako amefunga mambo matatu katika furushi moja: kwamba una lafudhi, kwamba hueleweki, na kwamba huaminiki. Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili, na la tatu likamfuata hata pale ambapo la pili halipo kabisa.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, waliwarekodi Wachina wakizungumza Kiingereza. Wakawapa wenyeji sauti hizo wazisikilize, waandike neno kwa neno walichosikia, kisha waseme lafudhi ya kila msemaji ni nzito kiasi gani. Mara nyingi msikilizaji aliandika kila neno sawasawa, halafu huyo huyo akasema lafudhi ni nzito mno. Sikio lilipata yote na bado likalalamika. Kwa sababu hiyo, mimi mtu akiniambia fulani "ana lafudhi nzito" akimaanisha "haeleweki", namwomba ushahidi.

Ushahidi wako uko ofisini. Kampuni nyingi zinazouza kwa simu hurekodi mazungumzo. Omba rekodi zako kama ishirini hivi, uzisikilize ukiwa na kalamu, na uweke alama kila mahali mteja aliposema "ati?" au "umesema?", ama aliponyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mteja aliyekuelewa akakataa hana "ati?". Huyo husema "wacha nifikirie, nitakupigia", na hapigi, jinsi Wakenya wote tunavyowafanyia wauza bima, hata wenye Kiswahili cha kwenye taarifa ya habari.

Nabashiri kwamba "ati?" nyingi utazikuta zimekaa kwenye neno lile lile unalouza. Katika Lubukusu, sauti za b, d, g na j kama za Kiswahili hazisimami peke yake. Hutokea zikiwa zimetanguliwa na sauti ya puani. Ile b ya "Babukusu" ni nyingine, midomo haigusani kabisa. Kwa hiyo "mbuzi" inakutoka safi, "ngoma" vilevile, na "ndugu" inaanza vizuri halafu inaishia "nduku". Lakini b ikija mbele ya neno bila m, ulimi uliolelewa Chwele huipeleka kwenye jirani yake wa karibu, p. D inakuwa t, g inakuwa k, j inakuwa ch.

Sasa angalia. Ukisema "potapota", hakuna mtu Nakuru atakayekosa kujua unataja pikipiki. "Penki" ni benki, hakuna penki nyingine ya kuichanganya nayo. Maneno haya yanamwambia mteja unakotoka, basi, na hayamzuii kukuelewa. Lakini "bima ya afya" ikitoka "pima ya afya", mteja aliyeshika simu ndani ya matatu pale steji anasikia habari za kupima afya. Anafikiri ni zahanati. Anafikiri ni wale wa kupima virusi. Wengine watakata simu hapo hapo, na hawajakudharau hata kidogo. Walisikia neno halisi la Kiswahili, ila si ulilokusudia. Vivyo hivyo "gharama ya kila mwezi" ikigeuka "karama ya kila mwezi", na "tutalipa dai lako" ikawa "tutalipa tai lako". Kazi yako, kwa bahati mbaya, ina maneno mengi ya aina hii, kuliko kazi ya mwenzako anayeuza mbolea.

Basi hilo ndilo la kushughulikia, na halihitaji Nairobi. Andika maneno ya kazi yako yanayoanza na sauti hizo au yaliyo nazo katikati: bima, dai, deni, gari, dereva, daktari, gharama, ajali, jeraha. Orodha haitazidi ishirini. Chukua "bima". Weka vidole viwili kooni na useme "pima". Mwanzoni koo limetulia, na mtetemo unakuja na irabu. Sasa sema "mbima", kama unavyosema mbuzi. Koo linatetemeka tangu midomo ikiwa imefungwa. Rudia, kila mara ukiifupisha ile m, mpaka ibaki kama kivuli, kisha uiache kabisa. Kilichobaki ni b. Fanya hivyo kwa "ndai" mpaka "dai", "ngari" mpaka "gari", "anjali" mpaka "ajali". Ile gh ya gharama usijisumbue nayo. Nusu ya Kenya husema "garama" na hakuna anayepotea. Ila usiishie njiani, maana ukibaki na "mbima" watu watadhani umeshahamia kwa wakwe zako Wakikuyu kule Bahati.

Dakika kumi kila jioni zinatosha, na utafanya vizuri zaidi ukijirekodi kwa simu na kujisikiliza kesho yake, si papo hapo. Papo hapo sikio bado linasikia ulichokusudia kusema.

La pili la kufanya ni mpangilio wa mazungumzo. Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha mwaka 2004 kwamba msikilizaji anayekutana na lafudhi ngeni huchelewa kidogo mwanzoni, lakini huizoea haraka sana, kwa sentensi chache tu, chini ya dakika moja. Mwalimu wa mauzo anayekuambia utaje bidhaa katika sekunde tano za kwanza anakuharibia. Salimia kama tunavyosalimia huku: habari ya asubuhi, mvua imenyesha huko kwenu, mko salama? Mteja anayajua maneno hayo kabla hujayasema. Sikio lake linapata nafasi ya kukusoma sauti zako bila kupoteza chochote. Halafu ndipo taja bima, na utaje pamoja na maneno ya kuishika mkono: "bima, ile ya kulipia hospitali". Tarakimu za pesa zitaje polepole na uzirudie.

Mpaka hapa ni upande wako. Sasa niende kwa yule soja wa getini, kwa sababu ndiye aliyekuumiza, na yeye hatoki kinywani mwako.

Kila mtu Nakuru analeta katika Kiswahili sauti za kwao. Mkalenjin wa Rongai ana shida inayofanana na yako, kwa kuwa lugha yake haitenganishi p na b, t na d, k na g. Mluo wa Nyalenda hana sh wala z katika Dholuo, hivyo mtoto anaenda "sule" na kuletewa "sawadi". Mkikuyu akishikwa na ndimi za l na r, kila uchaguzi tunamcheka anapoenda "kupiga kula". Wote hao wanacheka wenzao na kuchekwa. Jambo hili tumelipatia hata kitenzi chake, kushrabu, yaani kutamka maneno kwa sauti za lugha ya kwenu, na mtoto aliyeshrabu darasani analikumbuka akiwa na wajukuu.

Lakini mchukue mtu wa Mombasa mjini. Katika Kimvita, pale sisi tunaposema "njoo" yeye husema "ndoo". Nchi kwake ni "nti". Katika maneno kama hayo, j na ch za Kiswahili sanifu kwake ni d na t. Ukiitazama sauti yenyewe, alilofanya ni la ukoo mmoja na lako wewe unayegeuza j kuwa ch. Mwanafunzi akiiandika "nti" kwenye insha atakatwa alama. Lakini Mmvita huyo akishuka Nakuru akafungua kinywa, watu wanasogea karibu na kusema, "Hicho ndicho Kiswahili, kitamu!" Na jambo la kuchekesha ni kwamba hata hicho sicho sanifu. Mwaka 1928 mkutano wa lugha uliofanyika Mombasa kwenyewe ulichagua Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa pamoja na ushairi wake wote mkubwa. Kwa hiyo mbele yetu tuna wasemaji wawili walioacha usanifu kwa njia inayofanana. Mmoja anaambiwa ana lafudhi tamu, mwingine anaambiwa anafukuza wateja.

Tofauti iko wapi? Iko katika kazi na mahali ambapo msikilizaji amezoea kukutana na sauti hiyo. Kwa miongo mingi vijana wa Magharibi waliingia mitaa ya Nakuru na Nairobi wakifanya kazi za ulinzi na za jikoni. Mtu wa tabaka la meneja wako alisikia "papa" na "kari" kwanza kutoka kwa aliyemfungulia geti. Kisha wachekeshaji wakaichukua picha hiyo, wakaikoleza, wakaiuza. Kwa nguvu zile zile Mkikuyu wa kwenye vichekesho ni wa pesa, Mluo ni wa Kiingereza kirefu na majigambo, Mkalenjin ni polisi au mkimbiaji. Huo ni uvumi uliokomaa. Lakini uvumi ukikomaa huhama kutoka kwenye mzaha ukaenda kukaa kwenye usaili wa kazi.

Aliyelipima hili kwanza kwa njia ya kuaminika ni Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Mwaka 1960 yeye na wenzake waliwachukua watu waliomudu Kiingereza na Kifaransa kwa usawa, wakawasomesha kifungu kile kile kwa lugha zote mbili, na kuwachezea wasikilizaji sauti hizo bila kuwaambia kwamba msemaji mmoja anatokea mara mbili. Mtu yule yule alipokuwa katika Kiingereza alionekana mwenye akili zaidi, wa kutegemewa zaidi, hata mrefu zaidi. Mrefu, kwa kusikika tu! Alipokuwa katika Kifaransa alishuka. Nalo lililowashtua watafiti ni kwamba wasikilizaji wa Kifaransa hawakuzitetea sauti za kwao. Walizishusha pia, tena katika sifa nyingi kuliko walivyofanya wasikilizaji wa Kiingereza. Ndiyo sababu usishangae ukigundua kwamba mteja aliyekucheka zaidi ni mtu wa Kimilili aliyeishi mjini miaka mingi na kujisafisha ulimi.

Kenya tulikuwa na jaribio kama hilo sebuleni bila kujua. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu. Katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga, alikuwa Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo, na lafudhi aliishika sawasawa hata watazamaji wengi hawakujua kwamba si Mluo. Watu walicheka, wakampenda, wakamjaza sifa zote walizokuwa wakizihusisha na mzee wa Kijaluo. Sifa hizo walikuwa nazo vichwani kabla hajafungua kinywa.

Tukiongeza jaribio la Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mwaka 1992 aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mzaliwa. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, eti ndiye anayezungumza, na kundi lingine picha ya mwanamke wa sura ya Asia. Sauti ni moja. Waliotazama picha ya pili walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwamo, na katika mtihani wa mhadhara ule wakafanya vibaya zaidi. Meneja wako anajua jina lako. Anajua Chwele. Inawezekana sehemu ya "matamshi" anayoyasikia inatoka kwenye fomu yako ya kuajiriwa.

Kuna njia ya kulijua hili bila ugomvi. Mwombe achague rekodi kadhaa za wauzaji mbalimbali, kila moja sekunde thelathini, majina yakiwa yamefichwa, na mtu wa tawi lingine aziorodheshe kwa urahisi wa kueleweka. Kisha orodha hiyo iwekwe kando ya mauzo halisi ya kila mmoja. Kama kweli unafukuza wateja, itaonekana kwenye mauzo. Meneja anayekataa hata kuangalia takwimu zake mwenyewe amekuambia kitu kingine kuhusu sababu zake.

Umeuliza kuhusu kuaminiwa, na hapo nitakuwa mwangalifu. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chicago walitangaza matokeo yaliyoenea sana: sentensi za maarifa ya kawaida, kama kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, zilionekana kuwa na ukweli mdogo zaidi zikisemwa na mtu mwenye lafudhi ya kigeni, ingawa wasikilizaji waliambiwa kwamba msemaji anasoma tu alichopewa. Maelezo yao ni kwamba msikilizaji anatumia nguvu zaidi kusikia, kisha ule uzito anauhesabia dhidi ya maneno yenyewe. Ni maelezo yanayovutia, na huwa yanatajwa kila mahali. Lakini wengine waliolirudia jaribio hilo baadaye, wakiwemo wa Uswisi, hawakuikuta tofauti hiyo. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba sayansi imethibitisha kuwa hutaaminiwa. Lililo imara zaidi ni hili: lafudhi ya pembezoni humpunguzia mtu alama za cheo na usomi, na mara nyingi humwongezea alama za ukarimu, uungwana na unyoofu. Sasa niambie, anayenunua bima anatafuta nini kwa muuzaji? Anatafuta mtu ambaye hatamgeuka siku ya msiba. Meneja anayetaka wauzaji wote wawe na sauti ya mtangazaji anayetweng, yaani anayeiga lafudhi ya Kizungu, huenda anatupa bidhaa yake nzuri kuliko zote. Wateja wa Webuye, Kitale na Kakamega watakusikiliza kwa sikio jingine, na hilo unaweza kumtajia. Ila usikubali kufungiwa huko, ukawa mtu wa kuuzia watu wa kwenu peke yao.

Kuhusu kozi, muulize mwenye kozi anafundisha nini. Akisema atakufanyia kazi sauti maalumu, kasi na vituo, akurekodi na kukusahihisha, ni kozi ya maana, na anayepaswa kuilipia ni mwajiri anayeitaka. Akisema ataondoa lafudhi, anakuuzia hewa. Mtu mzima aliyejifunza lugha ya pili ni nadra sana kufuta kabisa sauti za lugha ya kwanza, na akifaulu atakuwa amevaa lafudhi nyingine, kwa kuwa hakuna kinywa kisichokuwa nayo. Na usiende kujifunza kutweng. Mteja wa Molo akisikia Mmarekani wa kubandika anamuuzia bima, atashika mkoba wake vizuri.

Sheria pia ipo, nitaigusa tu. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza kubaguliwa kwa misingi mbalimbali, asili ya kabila na lugha zikiwemo, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamfunga mwajiri kwa namna hiyo hiyo. Lafudhi haikutajwa kwa jina. Lakini maneno "wanadhani wanaongea na soja" hayazungumzii kueleweka hata kidogo. Yaandike mahali, pamoja na tarehe na aliyekuwepo, na uendelee na kazi. Si lazima uyatumie.

Habari ya nyumba ya Section 58 ndiyo iliyo wazi kuliko yote. John Baugh, mwanaisimu Mmarekani, aliwahi kuwapigia simu wenye nyumba katika eneo la San Francisco, akisema sentensi moja ile ile ya kuuliza nyumba iliyotangazwa, mara kwa lafudhi ya Wamarekani Weusi, mara kwa ile ya watu wenye asili ya Meksiko, mara kwa ile inayoitwa sanifu. Zote tatu zake mwenyewe. Utafiti huo, alioutoa 1999 na Thomas Purnell na William Idsardi, ulionyesha kwamba katika mitaa ya wazungu lafudhi sanifu ilipata miadi ya kuona nyumba mara nyingi zaidi, na kwamba neno "hello" peke yake lilitosha kwa wasikilizaji wengi kubaini lafudhi. Neno moja, ndugu yangu. Wewe na mke wako mmerudia utafiti wake bila kukusudia. Kumwacha mama watoto apige simu hakukupunguzii chochote, mkihitaji nyumba mtafanya hivyo. Kutuma ujumbe badala ya kupiga kunaweza kusaidia kidogo, ingawa jina litakutaja pale ambapo sauti imenyamaza.

Na Nakuru haina haki ya kulichukulia jambo hili kama mzaha. Biblia, Waamuzi 12:6, inasimulia jinsi Waefraimu walivyokamatwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kuambiwa waseme "Shibolethi". Wao hawakuwa na ile sh, wakasema "Sibolethi", na wakauawa 42,000. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, hapa na Naivasha na Eldoret na Kisumu, watu walisimamishwa kwenye vizuizi na kutambuliwa kwa majina na kwa lugha. Waliopitia hayo wapo, wengine ni majirani zako Kaptembwo. Mtu akiniambia vichekesho vya kushrabu havina madhara, mimi hucheka naye baadhi ya hivyo vichekesho, kisha humuuliza anavyofikiri watu wale wa vizuizini walijifunzia wapi kusikiliza.

Sasa mtoto. Mwongeleshe Lubukusu, mpaka achoke yeye. Lafudhi ya mtoto haitoki kwa wazazi kwa muda mrefu. Paul Kerswill na Ann Williams waliwachunguza watoto wa Milton Keynes, mji mpya wa Uingereza uliojaa wahamiaji kutoka kila upande, kama Nakuru ilivyo. Watoto wa miaka 4 walikuwa bado wanasikika kama wazazi wao. Wa miaka 8 na 12 walikuwa wamewaacha wazazi na kusikika kama wenzao wa mtaani na shuleni. Wa kwako ataanza shule, atakaa na watoto wa Kikuyu, Kijaluo, Kikalenjin na Kikisii katika dawati moja, na Kiswahili chake kitakuwa kile cha watoto wa Kaptembwo, Sheng ikiwemo, upende usipende. Ukimnyima Lubukusu hutambadilishia lafudhi ya Kiswahili. Utakuwa umemnyima namna ya kuzungumza na bibi yake mkienda Chwele mwezi wa Desemba. Na mama yake naye aongee naye Gikuyu. Watoto wa miaka 3 hubeba lugha tatu bila kulalamika, wanaolalamika ni majirani.